Kuku mzima jikoni: tathmini ya kuku wa Dar es Salaam kwa mpishi anayebana matumizi

Wanunuzi wengi wa Dar es Salaam wanaamini kwamba kununua kuku mzima ni nafuu kuliko kununua mapaja au vidari vilivyokwisha kukatwa na kupakiwa, na imani hiyo ni ya kweli kwa kiasi fulani tu. Tathmini hii inamtazama kuku mzima kama bidhaa: aina nne zinazopatikana kwa urahisi katika masoko na mabucha ya jiji, namna zinavyouzwa, huduma ya kuchinja na kunyonyoa inayoambatana nazo, na kile ambacho familia ya watu watano inakipata kwa fedha yake. Maoni yangu ni kwamba nafuu ya kuku mzima haimo katika minofu, bali imo katika mgongo, shingo, miguu na mifupa. Nyumba isiyopika supu haina sababu kubwa ya kuhangaika naye.

Tuanze na hesabu. Bei ya kuku hubadilika kila msimu na kila mtaa, kwa hiyo natumia bei za mfano zilizo karibu na zile nilizozikuta. Chukua kuku wa nyama aliyechinjwa na kusafishwa, mwenye uzito wa kilo 1.3, aliyenunuliwa kwa shilingi 9,000. Ukimkata kwa viungo utapata takriban gramu 400 za mapaja, gramu 430 za kidari pamoja na mfupa wake, gramu 140 za mabawa, na gramu 330 za mgongo na shingo. Kama kilo ya mapaja ni shilingi 10,000, kilo ya kidari shilingi 12,000 na kilo ya mabawa shilingi 8,000, vipande hivyo vingekugharimu shilingi 4,000, shilingi 5,160 na shilingi 1,120, jumla shilingi 10,280. Tofauti na bei ya kuku mzima ni shilingi 1,280. Ukitoa nauli ya daladala kwenda na kurudi sokoni, na muda wa kusimama ukikata kuku, kinachobaki ni kidogo mno kustahili sifa zote anazopewa kuku mzima.

Lakini hesabu hiyo haijaugusa mgongo, wala shingo, wala miguu, wala firigisi na maini ambavyo mchinjaji hukukabidhi ndani ya mfuko ukivitaka. Vitu hivyo, pamoja na mifupa ya kidari baada ya kuondolewa minofu, vinatoa sufuria ya supu inayotosha kifungua kinywa cha familia nzima, pamoja na mchuzi wa kupikia wali wa siku inayofuata. Mtu anayenunua bakuli la supu ya kuku mgahawani asubuhi anajua linauzwa kiasi gani; azidishe kwa watu watano, ndipo ataona fedha inakookolewa. Muuza chipsi wa mtaani analifahamu jambo hili vizuri kuliko sisi. Ananunua kuku mzima, anauza robo nne, na mara nyingi miguu, vichwa na firigisi navyo hupata wateja wao jioni hiyo hiyo. Anayekula robo kuku kibandani analipia mafuta, mkaa na kazi, jambo ambalo ni la haki, lakini pia anamwachia muuzaji zile sehemu zenye faida.

Kuna sababu nyingine inayofanya vipande viwe ghali hapa kwetu. Mwaka 2006 Tanzania ilizuia uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka nje, hatua iliyochukuliwa kwa hofu ya mafua ya ndege, kwa hiyo soko letu halina yale mapaja ya bei ya chini yanayoletwa yakiwa yameganda kutoka mabara mengine. Msomaji aliye Lubumbashi, ambako mapaja ya namna hiyo huuzwa kwa wingi, atapata majibu tofauti na yangu akifanya hesabu hii, na pengine kwake kuku mzima ni starehe na wala si njia ya kubana matumizi.

Sasa aina zenyewe. Kuku wa nyama, ambaye wengine humwita broila au kuku wa kisasa, huuzwa akiwa na umri wa wiki tano au sita hivi. Nyama yake ni laini, huiva kwa dakika 30 hadi 40 katika mchuzi, na kwa hiyo hula gesi kidogo. Udhaifu wake unaonekana katika supu: mifupa yake ni michanga, na mchuzi wake huwa mwepesi usipoongezewa miguu kadhaa, ambayo gozi na kano zake ndizo zinazoufanya uwe mzito. Kwa matumizi ya kila siku ndiye ninayempa nafasi ya kwanza, kwa sababu minofu yake ni mingi kulinganisha na mifupa na bei yake haishtui.

Kuku wa mayai aliyekwisha kumaliza kazi yake bandani ni bidhaa ambayo haithaminiwi inavyostahili. Wafugaji huwauza kuku hawa wanapofikia umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, utagaji ukishapungua kiasi kwamba chakula wanachokula hakirudi tena. Nyama yake ni ngumu, na anayemkaanga kama kuku wa nyama atatafuna hadi taya zimuume. Lakini kwa supu sijaona aliye bora kwa bei yake: ana mafuta ya manjano, mifupa iliyokomaa na ladha inayokaribia sana ile ya kuku wa kienyeji. Mara nyingine utakuta ndani yake viini vya mayai ambayo hayajatagwa, na watoto nyumbani watagombea. Huyu apikwe kwa sufuria ya presha kwa dakika 40 au zaidi, la sivyo akiba yote itaishia kwenye mtungi wa gesi.

Kuku chotara, hasa Sasso wenye asili ya Ufaransa na Kuroiler wenye asili ya India, wamejaa masokoni na wanastahili kuzungumziwa kwa haki. Ni wakubwa, wana nyama imara kuliko ya kuku wa nyama, na dume mmoja aliyekua vizuri anaweza kutoa milo minne. Tatizo langu na chotara ni namna anavyouzwa. Mara nyingi hutajwa kuwa wa kienyeji na kutozwa bei hiyo, na mnunuzi asiyejua hulipa kwa jina tu. Kuku wa mayai mwenye manyoya ya kahawia naye huuzwa kwa jina hilo hilo, ingawa yeye anaweza kutambulika: mtazame mdomo. Wafugaji wengi hukata ncha ya mdomo wa kuku wa mayai ili wasidonoane bandani, kwa hiyo ukiona mdomo butu uliofupishwa, huyo hakukulia uani kwa mtu akichakura.

Kuku wa kienyeji halisi, yule anayeletwa kutoka Singida na Dodoma na kushushwa masoko kama Shekilango, ana ladha ambayo hakuna aina nyingine inayoifikia, na sitabishana na yeyote anayemnunua kwa ajili ya mgeni, mzazi aliyejifungua au sikukuu. Kama njia ya kuokoa fedha, hata hivyo, hafai. Bei yake huwa mara mbili ya kuku wa nyama na wakati mwingine zaidi ya hapo, minofu yake ni michache, na anahitaji kuchemshwa saa nzima au zaidi kabla ya kuungwa. Wanaosema kwamba kuku wa kienyeji ni nafuu kwa sababu supu yake ni nzito wanasahau kuhesabu gesi, na wanasahau pia kwamba kuku wa mayai angewapa supu inayokaribiana naye kwa fedha pungufu sana.

Namna ya kuuza ina uzito sawa na aina ya kuku. Sokoni kuku huuzwa kwa kichwa, yaani kwa kukadiria kwa jicho, ilhali madukani huuzwa kwa kilo. Kwa anayebana matumizi, mzani ni rafiki, na kwa sababu hiyo nashauri kila nyumba iwe na mzani mdogo wa jikoni, hata ule wa saa wa bei ya chini. Kuku wa nyama mwenye kilo 1.8 akiwa hai hubaki na kilo 1.3 hivi baada ya kuchinjwa na kutolewa manyoya, kichwa, miguu na matumbo. Ukijua hilo, unaweza kulinganisha kuku wa sokoni na wa dukani kwa haki. Unapomshika kuku hai, papasa mfupa wa katikati ya kidari: ukiwa umechongoka kama ukingo wa jembe, huyo ni mifupa tu. Papasa pia kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kwani kuku aliyeshindiliwa pumba na maji asubuhi huonekana mzito kuliko alivyo.

Kuku aliyeganda ana hila zake pia. Barafu nyingi ndani ya mfuko ni maji unayoyanunua kwa bei ya nyama. Duka moja ambalo nilikuwa mteja wake lilikuwa likiuza kuku ambaye, akishayeyuka juu ya sahani, alikuwa akiacha maji mengi ya rangi ya waridi, na uzito wake ulipungua waziwazi kwenye mzani. Sinunui tena pale. Kuku mzuri aliyeganda ana ngozi kavu, mfuko uliombana vizuri, na hana mabaka meupe yaliyokauka, ambayo ni dalili ya kukaa muda mrefu kwenye friza au kufungwa vibaya.

Huduma ya kuchinja na kunyonyoa, ambayo kwa kawaida hugharimu kati ya shilingi 500 na 1,000 kwa kuku mmoja, kwa jumla naipa alama nzuri. Wachinjaji wengi wanafanya kazi kwa kasi na kwa mikono yenye uzoefu, na huchinja kwa utaratibu unaomwezesha jirani wa dini yoyote kula bila wasiwasi. Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza linahusu maji: katika soko moja nilishuhudia pipa lile lile la maji ya moto likichovya kuku baada ya kuku hadi maji yakawa kama tope, na hapo niliomba kuku wangu asubiri maji mapya. Maji hayo pia yasichemke kabisa. Joto la nyuzi 60 hivi linatosha kulegeza manyoya, na yakizidi sana ngozi huiva na kuchanika. La pili linahusu panga. Mchinjaji akikuuliza kama akukatie, mwambie asikate. Atampasua kuku vipande vya mchuzi kwa mapigo machache, mifupa itavunjika vigae vigae, na wewe utapoteza uwezo wa kutenganisha minofu na mifupa, ambao ndio msingi wa akiba yote. Vigae hivyo pia ni hatari kwa mtoto anayekunywa supu.

Kumkata nyumbani ni kazi ya dakika kumi kwa kisu kilichonolewa. Mlaze kuku chali, vuta paja kwa nje, pasua ngozi inayolishikilia, kisha likunje kwa nyuma mpaka kichwa cha mfupa kitoke mahali pake. Hapo kisu kipite kwenye kiungo bila kugusa mfupa. Fanya hivyo kwa paja la pili na kwa mabawa. Baada ya hapo simamisha kiwiliwili, pitisha kisu katikati ya mbavu kutoka chini kwenda shingoni, na kidari kitatengana na mgongo. Mtu anayetumia nguvu nyingi ajue kwamba anakata mfupa mahali ambapo kulikuwa na kiungo.

Mpango wangu wa kuku mmoja wa nyama kwa watu watano ni huu. Mapaja na mabawa huliwa siku ya kwanza kwa mchuzi wa nazi au wa nyanya pamoja na ugali au ndizi, na mapaja makubwa hugawanywa kwenye goti ili kila mtu apate kipande. Kidari huchemshwa kikiwa na mfupa wake kwa dakika 25 hivi katika maji yenye chumvi, tangawizi na kitunguu, kisha minofu huchambuliwa kwa mkono na mifupa hurudishwa sufuriani. Minofu hiyo, ikikaangwa na hoho, karoti na kabichi, hujaa sahani kuliko ambavyo kidari kizima kingejaza, na huliwa kwa wali au hufungwa ndani ya chapati za watoto wanaokwenda shule. Katika sufuria ile yenye mifupa huongezwa mgongo, shingo na miguu iliyochunwa ngozi yake ya nje, na vyote hutokota kwa moto mdogo. Nusu ya supu hunywewa asubuhi kwa ndimu na pilipili, nusu nyingine hupikia pilau, ambayo kwa mchuzi huo haihitaji nyama nyingi ili iitwe pilau. Firigisi na maini mimi huvikusanya kwenye friza kutoka kwa kuku wawili au watatu hadi vitoshe rosti ya mlo mmoja.

Hapa ndipo ninapoitetea ile kauli ya mwanzo. Mlo wa mapaja ungeweza kupatikana kwa kununua mapaja, na mlo wa kidari kwa kununua kidari, kwa nyongeza ndogo ya bei. Supu na pilau ndivyo ambavyo havipatikani kwa njia hiyo bila kutoa fedha nyingine. Kwa hiyo mtu anayeishi peke yake, anayerudi nyumbani usiku na asiye na friza, anunue mapaja mawili na alale. Kuku mzima kwake ataishia kuwa mgongo uliosahaulika kwenye friji mpaka uanze kunuka.

Kuhusu kuosha, najua ninaingia kwenye ugomvi. Mamlaka za usalama wa chakula za Uingereza na Marekani zinashauri kuku mbichi asioshwe, kwa kuwa matone yanayoruka husambaza vijidudu kama Salmonela na Kampilobakta kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, na kwamba kinachoua vijidudu hivyo ni moto; wale wa Marekani wanataka nyama ifikie nyuzi 74 za Selsiasi kwa ndani. Ushauri huo unamfaa kuku wa dukani aliyesafishwa tayari. Kuku wa sokoni hufika nyumbani akiwa na manyoya madogo, damu na vumbi, na sioni namna ya kumweka sufuriani hivyo hivyo. Suluhisho ni kumsafisha ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia badala ya chini ya bomba linalorusha matone, mbali na kachumbari na vyombo safi, kisha beseni, kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni. Ndimu huondoa shombo. Isitegemewe kuua vijidudu.

Friza ndiyo inayoamua kama akiba hii itadumu. Kuku mbichi asikae kwenye friji zaidi ya siku mbili, na supu iliyopoa ihifadhiwe humo kwa siku tatu au nne tu. Kinachozidi hapo kigandishwe. Nashauri kuku agandishwe akiwa amekwisha kukatwa na kugawanywa kwa milo, kila mlo na mfuko wake ulioandikwa tarehe, kwa sababu kuku mzima aliyeganda huhitaji karibu siku nzima ndani ya friji ili ayeyuke, na mpishi mwenye haraka atamweka nje juani, jambo ambalo halifai. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Anayekaa eneo ambalo umeme hukatika mara kwa mara ajaze nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, na asinunue kuku watano kwa mkupuo kwa sababu tu wamepunguzwa bei.

Mapunguzo yenyewe hayaji wakati ambao watu wanayahitaji. Kuelekea Idd na Krismasi bei za kuku hupanda, na kuku wa nyama waliokuwa wanakaribia kilo mbili huanza kuuzwa wakiwa wadogo kwa kuwa wafugaji wanawahi soko. Mwenye friza inayoaminika anunue kuku wake wiki mbili kabla, awakate, na wiki ya sikukuu aende sokoni kutafuta nazi na viungo tu.